Mdakaji wa Pembeni

Mwaka 1986 Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, na hapa Bulyaga mjini Tukuyu hakuna aliyehitaji kufundishwa kazi ya winga: kuambaa na chaki, kisha kumimina krosi. Mwaka huohuo, kwenye NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, Jerry Rice aliwapita wote kwa yadi 1,570 za mipira aliyotupiwa. Naye alianzia kandokando ya chaki. Tumwite winga basi?

Haiwezekani. Winga humtafutia mwenzake mpira. Rice ndiye aliyetafutwa.

Mpokeaji, basi? Neno hilo ni zuri ila ni pana mno. Kila timu huingiza watu 11. Kwa timu inayoshambulia, watano wa katikati ya safu ya mbele kazi yao ni kusukumana, na kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi ya mbele. Wengine karibu wote wanaruhusiwa. Hao wote ni wapokeaji kwa mujibu wa sheria, akiwemo yule mbeba mpira anayeanzia nyuma. Rice alikuwa na kazi yake mahsusi.

Alizaliwa Mississippi mwaka 1962, baba yake fundi wa kujenga kwa matofali. Kaka zake walimrushia matofali naye akiwa juu. Fundi wa Bulyaga aliyesimama jukwaani atakuambia kwamba tofali la kurushiwa halipokelewi, linadakwa. Mgeni ndiye anayepokelewa mzigo, tena kwa mikono miwili na salamu. Kudaka ni kukiwahi kitu kingali hewani, na kwenye NFL kwa kawaida miguu yote miwili nayo lazima iguse ndani ya mstari, hata kama beki anakuangukia mgongoni.

Kwa hiyo napendekeza mdakaji wa pembeni. “Pembeni” inabeba nusu ya kazi, maana kabla ya kudaka kuna njia ya kukimbia: hatua kadhaa mbele, kukata ghafla, kumwacha beki akiangalia kwingine. Rice hakusifiwa sana kwa kasi; alisifiwa kwa usahihi wa njia zake, na kwa mazoezi ya kupanda kilima huko California ambayo wenzake waliyakimbia. Alicheza misimu 20, akadaka mara 1,549 kwa jumla ya yadi 22,895, yaani karibu kilomita 21. Katika Super Bowl ya Januari 1989 alidaka mara 11 akawa mchezaji bora wa fainali.

Tahadhari moja kwa watangazaji. Mathias Kiwanuka wa New York Giants, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alicheza mwishoni mwa safu ya ulinzi, akimwinda mrushaji kabla mpira haujamtoka mkononi. Mwisho wa safu si pembeni mwa uwanja. Huyo ni mlinzi wa mwisho wa safu, hata kama jina ni refu kwa mtangazaji mwenye haraka.