Ubao wa Kanban: Kazi ya Wengi Isilale Njiani

Mimi ni mtu wa Mombasa, na diploma yangu ya kompyuta nimeitumia zaidi kutengeneza mashine za watu kuliko kuandika programu. Riziki ilinipeleka bara, nikakaa Kisii miezi minane, na huko nikajiunga na vijana watano waliokuwa wakitengeneza programu huria ya simu. Mkulima wa chai huandika humo kilo alizopimiwa kituoni kila siku, na mwisho wa mwezi hulinganisha hesabu yake na risiti. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote aweza kuusoma, kuutumia na kuurekebisha.

Wawili walikaa Kisii mjini, wawili Nyamira, na mmoja Keroka, mji ulioko mpakani mwa kaunti hizo mbili. Hakuna aliyelipwa. Kazi ilifanywa usiku, bando ikiwepo, na mipango yote ilikuwa katika kundi la WhatsApp.

Siku moja mama mmoja mkulima wa Nyamira alimwita kijana wetu akamwonyesha simu. "Mwanangu, hii programu yenu inanila kilo zangu." Alikuwa ameandika kilo 14.5, programu ikahesabu 14. Tulipopekua kundi tukakuta kosa hilo liliripotiwa wiki sita nyuma. Mmoja wetu alijibu "naishughulikia", na kweli alirekebisha. Lakini hakuna aliyejaribu marekebisho yake, wala hakuna aliyeyatoa kwa watumiaji. Yalilala ndani ya kompyuta yake, ujumbe wake ukafunikwa na salamu na picha za harusi. Programu ya kumlinda mkulima ikawa ndiyo inayompunja.

Hapo ndipo tulipoanza kutumia ubao wa kanban.

Kanban ni nini

Kanban ni neno la Kijapani lenye maana ya ubao wa ishara. Taiichi Ohno wa kampuni ya magari ya Toyota alibuni mfumo huo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kiwandani, kadi ilitumwa nyuma kuomba vipuri pale tu vilipohitajika, ili visirundikane. David J. Anderson aliuleta mfumo huo katika kazi ya programu, na kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka mwaka 2010.

Ubao hugawanywa kwa safu. Sisi tulikuwa na tano: Yanayosubiri, Tayari Kuanza, Yanafanywa, Yanajaribiwa, na Yamekamilika. Kila kazi ina kadi yake. Juu ya kadi huandikwa tatizo ni lipi, nani ameishika, na tutajuaje kwamba imekwisha. Kadi husogea kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa kuutazama ubao tu, wa Keroka ajua wa Kisii amefika wapi, bila kumpigia simu.

Kikomo ndiyo roho yake

Wengi huchora safu wakadhani wamemaliza. Safu peke yake ni orodha tu. Kinachoufanya ubao kuwa kanban ni kikomo: idadi ya kadi zinazoruhusiwa kukaa katika safu kwa wakati mmoja.

Aliyefika Tabaka, kwa wachonga mawe ya sabuni, atanifahamu upesi. Jiwe huchimbwa, likachongwa, likasuguliwa kwa maji na msasa, kisha likang'arishwa. Wachongaji wakienda mbio kuliko wasuguaji, vinyago vikavu hujaa uani, na mteja hanunui kinyago ambacho hakijasuguliwa. Kuongeza kuchonga hakusaidii. Mchongaji aweke tindo chini ashike msasa.

Ndivyo tulivyofanya. Yanafanywa, kadi tatu, basi. Yanajaribiwa, kadi mbili. Safu ya kujaribu ikijaa, hakuna ruhusa ya kuanza jambo jipya. Mwenye nafasi huenda kujaribu kazi ya mwenziwe. Vijana walinung'unika mwanzoni, maana kuandika msimbo mpya kuna raha kuliko kukagua wa mwingine. Lakini mshika mawili moja humponyoka. Kadi ya desimali, iliyolala wiki sita, ilitoka kwa siku mbili.

Kanuni nyingine ni kwamba kazi huvutwa, haisukumwi. Kiongozi hamgawii mtu kadi. Mwenye nafasi huichukua mwenyewe kutoka Tayari Kuanza. Kwa kazi ya kujitolea hili ni muhimu, kwani huwezi kumwamrisha usiyemlipa. Lakini akishaweka jina lake, kadi ni amana. Tulikubaliana kwamba kadi isiyosogea siku kumi hurudishwa ichukuliwe na mwingine, bila lawama.

Uwazi kwa mgeni

Programu huria huishi kwa wageni wanaokuja kusaidia, na mgeni lazima aone pa kuanzia. Tazama OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa iliyoanzishwa mwaka 2004 na kutumika Eldoret tangu 2006. Juu yake ndipo ilipojengwa KenyaEMR, inayotumika katika mamia ya vituo vya afya nchini. Kazi za OpenMRS huwekwa kwa tiketi zilizo wazi kwa umma, na zilizo tayari kufanywa hutengwa zionekane. Mtu aliye nchi nyingine aweza kuchukua moja leo.

Pa kuanzia

Kama msimbo wenu uko GitHub, ubao upo humo humo bila malipo. Wekan na Kanboard nazo ni programu huria za ubao mnazoweza kuweka kwenye kompyuta yenu wenyewe. Hata karatasi ya manila ukutani yatosha, mradi mmoja aipige picha kila jioni kwa walio mbali.

Anzeni na safu mnazozifuata kweli, si mnazotamani. Wekeni kikomo kidogo. Kadi iwe ndogo, ya siku mbili tatu. Na Yamekamilika iwe na maana moja: imefika kwa mtumiaji. Sisi tuliandika juu ya safu hiyo, "Mama ameiona kwenye simu yake."

Ubao hautampa mtu bidii asiyokuwa nayo, wala hautaamua kazi ipi ina maana. Sisi bidii tulikuwa nayo, na bado mama wa watu alipoteza nusu kilo kila alipoandika. Vijana wetu wanaokutana Swahilipot Hub hapa Mombasa, na wenzao wa Kilifi na Lamu, wakiwa na programu ya pamoja, waanze na swali moja: ni kazi gani iliyofanywa ikabaki njiani? Hiyo ndiyo kadi ya kwanza.