Masomo ya Muda Mfupi Nje ya Nchi kwa Wanafunzi wa Usimamizi wa Ujenzi: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kuomba

Kila ifikapo katikati ya mwaka, vyuo vikuu vingi vya Ulaya na Marekani hupokea wanafunzi wa kigeni kwa masomo ya wiki chache katika fani ya usimamizi wa ujenzi. Masomo hayo hufanyika kati ya Juni na Agosti, wakati ambao kwao ni kiangazi na kwetu ni kipupwe. Katika nchi zenye baridi kali, huo ndio msimu ambao kazi za ujenzi hupamba moto, kwa kuwa barafu ya majira ya baridi huharibu zege ambalo bado halijakomaa. Mwanafunzi anayekwenda wakati huo huikuta miradi ikiendelea kwa kasi.

Kwa Mtanzania anayesoma ukadiriaji majenzi, uhandisi ujenzi au usimamizi wa ujenzi, fursa hiyo ina manufaa ya dhahiri. Miradi mikubwa nchini imejengwa na wakandarasi kutoka mataifa mbalimbali. Kampuni za Uturuki na China zimeshiriki katika Reli ya Kisasa, kampuni za Misri zimejenga Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na kampuni za China zimejenga Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi. Mtaalamu wa Kitanzania anayeketi meza moja na wakandarasi hao hana budi kuelewa namna wenzake wanavyopanga ratiba, wanavyosoma mkataba na wanavyodai malipo.

Aina mbili za programu

Aina ya kwanza ni kozi ya chuo kikuu. Mwanafunzi huhudhuria mihadhara, hutembelea maeneo ya miradi, hufanya mtihani au kuandika ripoti, kisha hupewa alama. Aina ya pili ni mafunzo kazini, ambapo mwanafunzi hupokelewa na kampuni na kupewa kazi chini ya msimamizi.

Njia inayofahamika zaidi kwa aina ya pili ni IAESTE, jumuiya ya kimataifa ya kubadilishana wanafunzi kwa ajili ya uzoefu wa kiufundi, iliyoanzishwa London mwaka 1948. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoshiriki. Utaratibu wake ni wa nipe nikupe: idadi ya nafasi ambazo nchi hupata nje hutegemea idadi ya nafasi ambazo kampuni zake zimetoa kwa wanafunzi wa kigeni. Mwajiri humlipa mwanafunzi posho ya kujikimu, naye mwanafunzi hujigharamia nauli na bima. Kwa hiyo kampuni ya ujenzi ya hapa nchini inapokubali kumpokea mwanafunzi mmoja kutoka nje, humfungulia mlango kijana wa Kitanzania.

Kinachofundishwa

Somo lenye uzito mkubwa ni mikataba. Miradi mingi nchini hutumia mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913. Uingereza hutumia pia mikataba ya NEC, ambayo humtaka kila upande kumwarifu mwenzake mapema pale unapobaini jambo linaloweza kuongeza gharama au kuchelewesha kazi. Mwanafunzi anayelinganisha mifumo hiyo huelewa kwamba migogoro mingi ya ujenzi hutokana na taarifa iliyochelewa kutolewa.

Somo jingine ni usalama. Kanuni za Uingereza za mwaka 2015 hugawa wajibu wa usalama kwa mwenye mradi, mbunifu mkuu na mkandarasi mkuu tangu hatua ya usanifu. Nchini, suala hilo husimamiwa kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003. Mwanafunzi huzoezwa kujiuliza, wakati jengo lingali kwenye karatasi, ni nani atakayepanda juu ya paa kulikarabati na atashikilia nini.

Suala la krediti

Hapa ndipo wengi hupata hasara. Katika mfumo wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Katika mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), mwaka ni krediti 120, na krediti moja ni saa 10. Kozi ya Ulaya yenye krediti 6 ni sawa na krediti 12 za Tanzania ikiwa kipimo ni mwaka, lakini hufikia 15 hadi 18 ikiwa kipimo ni saa. Uamuzi wa kipimo kitakachotumika ni wa chuo cha mwanafunzi, na sharti utolewe kwa maandishi kabla ya safari. Mwanafunzi asiye na maandishi hayo anaweza kurejea na cheti kizuri huku akidaiwa somo lile lile.

Jambo la pili ni kugongana kwa kalenda. Miezi ya Julai hadi Septemba ndiyo ambayo vyuo vingi nchini hupeleka wanafunzi wa fani za ujenzi kwenye mafunzo kwa vitendo, ambayo ni sehemu ya lazima ya shahada. Kozi ya darasani nje ya nchi haichukui nafasi ya mafunzo hayo isipokuwa chuo kiridhie. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo (HESLB) anashauriwa pia kuuliza mapema iwapo fedha zake za mafunzo kwa vitendo zitaathirika.

Nyaraka na gharama

Mwombaji anapaswa kuwa na hati ya kusafiria iliyo hai. Kwa nchi za eneo la Schengen, hati hiyo iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai kwa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka huko. Viza ya muda mfupi huruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180, na bima ya safari isipungue kinga ya euro 30,000. Kwa Marekani, kozi inayotoa krediti haisomwi kwa viza ya utalii. Chuo kinachompokea mwanafunzi humpatia kwanza nyaraka za kuombea viza ya masomo.

Ada si gharama pekee. Nauli, malazi, bima, usafiri wa kwenda kwenye miradi na vifaa vya kujikinga vijumlishwe katika bajeti moja. Mwombaji asilipe fedha kwa wakala yeyote kabla ya kuthibitisha mwaliko wake moja kwa moja na chuo husika.

Baada ya kurejea

Cheti cha kozi fupi hakimpi mtu haki ya kufanya kazi ya kitaaluma. Wahandisi husajiliwa na ERB, wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi na AQRB, na makandarasi na CRB. Hata hivyo, ripoti iliyoandikwa vizuri, yenye michoro, ratiba na shajara ya kazi iliyosainiwa na msimamizi, ni ushahidi ambao chuo na mwajiri wanaweza kuupima.

Mwanafunzi mwenye nia ya kwenda mwaka ujao aanze sasa: amwone mratibu wa mafunzo kwa vitendo katika idara yake, apeleke muhtasari wa kozi, na apate jibu la maandishi kuhusu krediti kabla ya kulipa ada yoyote.