Busta
Busta ni jina la mtaani la kifaa kinachokuza mawimbi ya antena kabla hayajafika kwenye televisheni. Mafundi wengine husema amplifaya. Kwa kipokezi cha nyumbani cha kufuatilia ndege, kinachonasa ishara za megahezi 1090, jina hilo huahidi mno. Busta hukuza kila inachopewa, ishara pamoja na kelele. Ndiyo maana mahali pake ni juu, jirani na antena, kabla kebo haijala ishara. Ikiwekwa chini, hukuza mabaki. Umeme wake hupandishwa kwa kebo hiyohiyo. Penye minara ya simu karibu lazima kuwe na kichujio, la sivyo busta huzidiwa.

Kebo nayo si waya wowote. Katika masafa hayo ya megahezi 1090, mita 10 za RG-58 hupoteza zaidi ya desibeli 5, yaani zaidi ya theluthi mbili za nguvu; RG-6, ile ya madishi, hupoteza takriban 2 tu. Ni kweli RG-6 ni ya omu 75 na vipokezi vingi ni vya omu 50, lakini hasara ya tofauti hiyo haifiki nusu desibeli. RG-6 fupi bila busta ni bora kuliko RG-58 ndefu yenye busta chini.