SAFU YA LUGHA: Fidia si kifuta jasho

Ardhi ikitwaliwa kwa ajili ya barabara au shule, siku hizi husikika kwamba wananchi "watapewa kifuta jasho". Neno hilo limewekwa pasipo pake. Kwa kanuni za wanyamapori za mwaka 2011, kifuta jasho ni pole ya Serikali kwa mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyamapori. Mtu akiuawa au kujeruhiwa nao, pole hiyo huitwa kifuta machozi. Fidia, neno lililotoka Kiarabu likiwa na maana ya malipo ya kukomboa, ni deni. Tembo akila migomba ya Chonyonyo, Karagwe, Serikali hutoa pole. Ikikitwaa kibanja chenyewe, yaani shamba la nyumbani la migomba na mibuni, inadaiwa.

Wapo wanaosema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, hivyo mwenye kibanja hana cha kudai. Wanaisahau Sheria ya Ardhi ya 1999, inayotambua kuwa maslahi ya mtu katika ardhi yana thamani, na inayotaka fidia kamili, ya haki na inayolipwa mapema: bei ya soko ya ardhi, mibuni na nyumba, posho ya usumbufu na ya usafiri, na riba malipo yakichelewa. Pole haina riba. Anayeandika "kifuta jasho" hapo anamgeuza mdai kuwa mwombaji.