Kadi ya mwenye hela ya mawazo: historia fupi ya kadi za grafiki za bei poa

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuzungumze chuma. Hakuna swali ninaloulizwa na vijana wa rika langu kama hili: nikitaka kompyuta ya gemu na mshahara wenyewe ndio huu, ninunue kadi gani ya grafiki? Ningeweza kutaja jina moja nikaishia hapo. Tatizo ni kwamba jina lenyewe ndilo mtego, na umekuwa mtego kwa zaidi ya miaka 20. Kaa mkao wa kula, turudi nyuma.

Kampuni ya 3dfx ilianzishwa 1994 huko California na Ross Smith, Gary Tarolli na Scott Sellers, watu waliowahi kufanya kazi Silicon Graphics, kule zilikotengenezwa kompyuta za kuchorea filamu na ndege, za bei ya kutisha. Wateja waliowalenga mwanzoni walikuwa wenye mashine za gemu za kutumbukiza sarafu. Kilichowaingiza majumbani ni bei ya memori: mwaka 1996 chipu za memori ziliporomoka bei, na ghafla ikawezekana kuuza kadi ya Voodoo Graphics yenye MB 4 kwa karibu dola 300. Kadi yenyewe ilikuwa kituko. Haikuweza kuonyesha hata Windows. Ulibaki na kadi yako ya zamani, ukapitisha waya kutoka kadi moja kwenda nyingine ndipo picha ifike kwenye skrini. Lakini ukiiwasha Quake, mtu aliyezoea kuona matofali ya pikseli alikaa kimya. (Hiyo habari ya bei ya memori iweke akilini, nitairudia.)

3dfx wenyewe hawakufika mbali. Mwishoni mwa 1998 walitangaza kuinunua STB, kampuni ya kutengeneza kadi, wakaacha kuwauzia chipu watengenezaji wengine, nao hao wengine wakakimbilia kwa Nvidia. Desemba 2000 Nvidia ikatangaza kununua mali za 3dfx. Kwisha habari.

Mwaka huo huo wa 2000 ndipo ilipotoka kadi ninayoiona kuwa mama wa kadi zote za bei poa: GeForce2 MX. Dada yake mkubwa, GeForce2 GTS, aliuzwa zaidi ya dola 300; MX ilikuwa chini ya nusu ya hapo. Nvidia walipunguza mabomba ya kuchorea kutoka manne hadi mawili, lakini hawakugusa akili ya kadi: sehemu inayokokotoa maumbo na mwanga ilibaki mle mle. Yaani ulipata kitu kile kile, ila polepole. Huo ndio upunguzaji wa haki.

Sasa ona kilichofuata. Februari 2002 Nvidia wakatoa familia ya GeForce4. Ti ilikuwa ya wenye nacho, MX ya sisi wengine. Kijana aliyesoma boksi aliona namba 4, akajua amempita mwenye GeForce3 ya 2001. Wapi! GeForce4 MX ndani yake ilikuwa ndugu wa GeForce2. Zile programu ndogo zinazoamua rangi ya kila pikseli, ambazo GeForce3 ilikuwa nazo, MX haikuwa nazo kabisa. John Carmack wa id Software alisema hadharani mwaka huo huo kwamba anayeisubiri Doom mpya asiinunue. (Doom 3 ilipotoka 2004 ilikubali kuwaka kwenye MX, lakini kwa sura iliyopunguzwa.) Gemu nyingine hazikuwa na huruma: Deus Ex: Invisible War ya 2003 ilidai zile programu, na MX haikuwa na cha kujibu. Na bado MX ikauzwa kama njugu. Mimi naiita dhuluma, maana aliyeumia si mtaalamu mwenye muda wa kusoma tathmini kumi. Ni mzazi aliyekwenda dukani na karatasi yenye neno "GeForce4".

Mchezo huo haukuisha. Oktoba 2007 ilitoka 8800 GT, kadi bomba kweli kweli, iliyokaribia kasi ya 8800 GTX iliyozinduliwa mwaka mmoja kabla kwa dola 599. Mwaka 2008 ikabandikwa jina jipya, 9800 GT. Ile 9800 GTX+ nayo ikawa GTS 250 mwaka 2009. Mvinyo ule ule, chupa mpya.

Lakini mwaka 2008 ulikuwa pia mwaka wa neema, na sababu yake ni ushindani tu. AMD, walioinunua ATI ya Kanada mwaka 2006, waliamua kutokimbizana na Nvidia kwenye chipu kubwa. Wakatengeneza chipu ya wastani na kuilenga bei ya wengi. Juni ikatoka Radeon HD 4850 kwa dola 199, na 4870 kwa 299. Nvidia walikuwa wametoka kuzindua GTX 280 kwa dola 649. Ndani ya wiki chache waliishusha hadi 499, na GTX 260 ikatoka 399 hadi 299. Sijui kama mnunuzi wa kawaida amewahi kuheshimiwa vile tena.

Kwetu sisi wa huku, hata hivyo, kadi yenye maana zaidi naona ni GTX 750 Ti ya Februari 2014. Sababu ni umeme, kasi ije baadaye. Kompyuta nyingi tunazonunua ni za mtumba, zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani, zile Dell na HP zinazopangwa Kariakoo kama mikate. Pawasaplai zake ni dhaifu na mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Nafasi ya kadi kwenye mazabodi inatoa wati 75, basi. 750 Ti ilikula wati 60 na kuuzwa dola 149. Ukaichomeka kwenye kompyuta ya mhasibu fulani wa Uingereza, ikawa kompyuta ya gemu. GTX 1050 Ti ya 2016 (dola 139, wati 75) na GTX 1650 ya 2019 zikafuata njia hiyo hiyo.

Kisha wakaja wachimba sarafu za kidijitali. Mara ya kwanza 2017 hadi 2018, mara ya pili kuanzia 2020, kadi zilinunuliwa kwa makundi kwenda kuchimba Ethereum na bei ikapaa. Septemba 2022 Ethereum ikabadili mfumo wake, uchimbaji wa kadi ukafa, na kadi zilizofanya kazi usiku na mchana zikamwagwa kwenye soko la mtumba. Ndipo utapeli ulipopata malisho.

Mfano hai: nilikuwa kwenye duka moja mjini nikamsikia muuzaji akimwambia mteja, "Bosi, achana na hiyo ya GB 2, chukua hii ya GB 4." Ya GB 2 ilikuwa 750 Ti. Ya GB 4 ilikuwa GT 730 ya memori aina ya DDR3, yenye njia ya biti 64, inayopitisha GB 14.4 kwa sekunde. 750 Ti inapitisha 86.4. Mara sita! Ni simtanki la lita 5,000 lenye bomba la mrija wa soda. Tena jina hilo la GT 730 lina kadi tatu tofauti ndani yake. Vivyo hivyo RX 580 zinazotoka China: zile za "2048SP" zimepunguzwa, ya asili ina viini 2304. Na kuna bandia kabisa, chipu za kale zilizoandikwa upya zijitambulishe kwa jina jipya, hadi mwaka 2018 watengenezaji wa GPU-Z wakaipa programu yao uwezo wa kuzikamata.

Basi leo ununue nini? Oktoba 2025 Nvidia walisimamisha draiva mpya za gemu kwa kizazi cha 750 Ti na cha 1050 Ti. Yamebaki marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kwa hiyo kwa kompyuta ya ofisi, GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada ndiyo ningeitafuta kwanza. RX 6400 ya 2022 nayo haihitaji waya, ila inatumia njia nne tu za PCIe, na kwenye mazabodi ya zamani inapungua nguvu. Intel Arc B580 ya Desemba 2024, dola 249 na GB 12, inavutia, lakini inataka mazabodi yenye kipengele cha Resizable BAR, kwa hiyo Dell ya mwaka 2013 isahau. Na kama huna haraka, usitegemee sana bei kushuka: mwishoni mwa 2025 memori ilipanda tena, safari hii kwa sababu vituo vya akili mnemba vinaifagia yote.

Ukienda dukani, beba GPU-Z kwenye flashi. Omba kadi ichomekwe, soma aina ya memori, upana wa njia na idadi ya viini, kisha acha gemu iwake nusu saa huku umesikiliza feni. Na pima kasha lako kabla hujatoka nyumbani, maana zile Dell nyembamba hazipokei kadi ya urefu wa kawaida.