Mashua Kuukuu ya Mbwera

Atokaye Kibiti kwenda Mbwera hufika mahali ambapo barabara husita, na kutoka hapo njia yake ni maji. Wasikilizaji wetu walio bara huenda wakadhani hilo ni jambo la kupendeza tu; lakini kwa watu wa delta ya Rufiji chombo ndicho gari, ndicho mkokoteni wa mpunga, na usiku wa mgonjwa ndicho machela. Kwa hiyo mashua ikiharibika, hasara si ya mwenyewe peke yake.

Tulipokwenda huko pamoja na wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu, tulikuta mashua kuukuu ya mbao imeegemezwa juu ya magogo kando ya mto, juu ya matope. Ilijengwa kwa ajili ya tanga, halafu ikatiwa mtambo. Masika yaliyotangulia ilivuja hata abiria wakafua maji njia nzima, na katikati yao mama mmoja amelala kwa uchungu wa uzazi. (Alijifungua salama; tuliuliza.) Baada ya siku ile wako waliosema, “Ikatwe kuni, tuchange tununue ya faiba.” Wengine, na mzee fundi akiwa mbele yao, wakasema itatengenezwa. Wakakusanyika, kila mtu na alichonacho: huyu pamba, huyu misumari, huyu siku zake mbili za kazi.

Jambo la kutengeneza chombo kilichovunjika si geni katika mito ile. Mnamo Septemba 1914 manowari ya Wadachi iitwayo Königsberg ilitoka Rufiji, na tarehe 20 ikaizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Unguja. Kisha mtambo wake wenyewe ukaharibika, ikarudi kujificha katika mikoko. Vipande vilivyovunjika vilipelekwa Dar es Salaam kutengenezwa, vikikokotwa nchi kavu kwa nguvu za mikono ya watu, na kwa nguvu hizo hizo vikarudishwa. Vitabu vya vita vimejaa majina ya makapteni. Majina ya wale waliovuta kamba hayamo. Manowari ilipona maradhi yake, walakini haikutoka tena, kwa kuwa Waingereza walikuwa wakiilinda milango ya mto. Iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Katika delta hiyo hiyo, Februari 1915, Wadachi waliiteka stima ndogo iitwayo Adjutant, ambayo hapo kwanza ilikuwa yao, Waingereza wakainyakua. Baadaye waliifungua vipande vipande, wakaipakia katika garimoshi mpaka Kigoma, ili waiunge tena kwa kazi ya vita katika Ziwa Tanganyika. Nasi yatupasa kuifuata mpaka huko, kwa maana katika ziwa lile ndimo vilimoingia vyombo viwili vya mbao vya mtambo vilivyo mashuhuri kuliko vyote katika nchi zetu.

Vyombo hivyo viliitwa Mimi na Toutou. Mwingereza asikiaye jina la kwanza hafikiri neno lo lote. Sisi tusemao Kiswahili hatuna budi kucheka. Vilikuwa na urefu wa futi 40, vimejengwa kwa mahogani, na kila kimoja kina mitambo miwili ya petroli. Viliondoka Uingereza Juni 1915 vikiwa juu ya meli, vikashushwa Cape Town, vikapanda garimoshi mpaka Fungurume katika Kongo. Kutoka hapo vilikokotwa porini na milimani kwa mashine za mvuke na kwa ng'ombe, na madaraja yakajengwa mbele yao. Vilitiwa ziwani Desemba 1915. Tarehe 26 ya mwezi ule viliiteka stima ya Wadachi, Kingani, ambayo ilipewa jina jipya la Fifi. Na tarehe 9 Februari 1916 Fifi pamoja na Mimi wakaizamisha Hedwig von Wissmann.

Jambo moja la vyombo hivyo lilitufaa sana pale Mbwera, nalo ni habari ya mzinga. Mzinga wa mbele uliweza kupigwa kuelekea mbele tu. Ukielekezwa upande, kishindo chake kingekidhuru chombo chenyewe. Ubao huvumilia mawimbi, kwa sababu wimbi hukibeba chombo kizima. Lakini nguvu ipigayo mahali pamoja hufungua maungo.

Mtambo nao ni kama mzinga mdogo usionyamaza. Fundi alipong'oa sakafu ya mashua ile alituonyesha kwamba aliyeutia zamani aliufunga juu ya mataruma mawili tu. Miaka mingi mataruma yale yalitikiswa, misumari ikalegea katika matundu yake, maji ya chumvi yakaingia na kuila kutu. Pamba ikatoka katika maungano. Watu wakailaumu mashua kuwa imezeeka! Safari hii fundi alichonga magogo mawili marefu, akayalaza kwa urefu wa chombo yapitie juu ya mataruma mengi, na mtambo ukakaa juu yake. Mbao mbovu zilitolewa, mpya zikachongwa kwa tezo, na keekee ikatoboa njia ya kila msumari ili ubao usipasuke. Kisha ikaja kazi ya kalafati, na hiyo ndiyo iliyotuchosha kuliko zote. Pamba husokotwa, hutiwa mafuta, hushindiliwa katika kila ufa kwa patasi na nyundo, polepole, maana ikizidi hutenga mbao, na ikipungua maji hupita. Mwisho tulipitisha moto wa makuti chini ya mkuku kuwaua wadudu watoboao mbao, na deheni ikapakwa.

Vijana waliosafisha mtambo walitaka kujua faida ya grisi nyingi namna ile. Tuliwasimulia habari ya Graf von Götzen, meli kubwa ya chuma ya Wadachi pale Kigoma. Julai 1916 waliizamisha wenyewe isije ikatekwa. Lakini kwanza mafundi wake waliipaka mitambo grisi nene. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Kijana mmoja alirudi kwenye kopo la grisi bila kuambiwa.

Bamvua lilipofika, mashua ilisukumwa majini jioni. Alfajiri tuliikuta imeketi chini, maji yamefika kwenye mataruma. Mmoja wa wanafunzi wetu akasema kwa huzuni, “Babu, shikamoo. Mbona kinazama?”

“Marahaba, mwanangu. Hakizami, kinakunywa. Mbao zilikaa juani siku nyingi. Ziache zishibe, zitavimba zibanane. Kesho kutwa njoo na kata, tufue maji.”

Tulikwenda na kata mbili.