Bustani ya Forodhani Baada ya Magharibi

Bustani ya Forodhani iko ukingoni mwa bahari katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ikitazamana na Ngome Kongwe na jumba la Beit al-Ajaib. Mchana hupata watu wa kupumzika kivulini, basi. Usiku ndio saa yake: moshi wa makaa, harufu ya pweza na tangawizi, upepo wa chumvi na kelele za wauzaji humfikia mgeni kabla hajaona vizuri anakokwenda.

Eneo hilo halikuanza kama mahali pa starehe. Palikuwa na mabanda ya forodha, na mbele ya majumba ya sultani mizinga ilielekezwa baharini. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga majumba hayo kwa muda usiofika saa nzima. Mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib uliharibika, na baadaye jumba lenyewe likajengewa mnara wa saa. Kuanzia 1905 treni ya Bububu nayo ilipita ufukweni hapo ikitema moshi na cheche, jambo ambalo wenye nyumba za jirani hawakulifurahia hata kidogo.

Bandari mpya ilipojengwa Malindi katika miaka ya 1920, mabanda ya zamani yalikosa kazi, na mwishowe yakabomolewa. Bustani ikafunguliwa mwaka 1936 kwa heshima ya jubilei ya fedha ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyeshika kiti mwaka 1911. Ilipewa jina la Jubilei, lakini watu wa mjini waliendelea kusema wanakwenda Forodhani. Palijengwa jukwaa dogo la kuba ambapo bendi ilipigia wananchi muziki, na mwaka 1956 likaongezwa tao kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Margaret wa Uingereza.

Waliopanga bustani walifikiria maua na gwaride. Wapishi ndio walioipa usiku wake. Meza hupangwa jua likikaribia kuzama, saa ambayo vijana hupiga makachu, yaani huruka kwa mbwembwe kutoka ukutani hadi majini huku umati ukiwashangilia. Giza likiingia, mishikaki huwa tayari juu ya makaa. Urojo humiminwa bakulini ukiwa mzito na mchachu, ukatiwa kachori, bajia na viazi. Mashine ya kukamua miwa huzungushwa kwa mkono, na muwa hupitishwa pamoja na ndimu na tangawizi.

Piza ya Zanzibar inastahili maelezo yake. Donge la unga hutandazwa jembamba sana, katikati huwekwa nyama ya kusaga, vitunguu na yai bichi, kisha pembe hukunjwa na kukaangwa juu ya bamba la chuma. Mtu wa mashariki mwa Uganda, aliyezoea roleksi (chapati iliyokunjiwa yai) za barabarani Tororo na Busia, ataona undugu papo hapo, ila kule yai hukaangwa kwanza ndipo likavikwa chapati. Piza ya Italia haina lolote la kudai hapa.

Kufikia mwanzo wa karne hii bustani ilikuwa imechakaa: nyasi zimekufa, maji yakituama, ukuta wa bahari umeliwa na mawimbi. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni uliifanyia ukarabati kuanzia 2008, ikafunguliwa tena Julai 2009 ikiwa na njia mpya, mifereji na taa. Wapishi hawakufukuzwa, walitengewa sehemu yao, uamuzi wa busara kuliko wote katika mradi ule. Taa mpya hazikutimiza miezi 5: Desemba 2009 umeme wa Unguja ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani karibu miezi 3.

Usiku wa Forodhani hubadilika kwa majira. Wakati wa tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, ngoma za Ngome Kongwe husikika hadi kwenye meza za chakula. Mwezi wa Ramadhani mchana huwa mkimya, kisha baada ya futari na tarawehe familia nzima hushuka ufukweni. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020 na kuua watu. Hata hivyo, biashara ya jioni mbele yake iliendelea.